Kisu Chenye Pengo

Kwenye shamba la miti ya mpira walimwita Mkono Pamba, kwa kuwa kisu chake kilipita juu ya gome kama mama anayemvua mtoto shati usingizini. Wenzake waligema kwa pupa wakazamisha kisu hadi kwenye ubao, wakaacha makovu yasiyogemeka tena. Yeye alichuna uzi mwembamba tu, utomvu ukachuruzika kikombeni, naye akahamia mti wa pili. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mama yake, mdogo wake wa kiume ambaye yeye ndiye aliyemlea na kumfundisha kazi, na safu zake za miti.

Mama alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, mdogo mtu ndiye aliyewahi kusema, "Dada, wewe kaa na mama. Miti yako nitaigema mimi. Kwani mimi ni wa nini?"

Mgeni angesema hivyo, Mkono Pamba angemuuliza anataka nini. Lakini ndugu hatuwaulizi, ndiyo maana hutupata kwa bei rahisi.

Mama alipoanza kukaa mwenyewe kitandani, dada mtu alirudi kazini. Akachuna mti wa kwanza. Gome likatoa jasho la kahawia, basi. Wa pili, mkavu. Wa tatu, kadhalika. Akaenda hadi mwisho wa safu, vikombe vitupu vinamtazama. Ng'ambo ya njia, safu za mdogo wake zilichuruzika vizuri kabisa.

"Miti imezeeka, dada," mdogo mtu akamwambia. "Hata watu hukauka."

"Na yako ilizaliwa jana?"

Akacheka, akaenda zake. Mkono Pamba hakucheka. Kesho yake msimamizi wa shamba angekuja kukagua, na sheria yake ilijulikana: aliyekausha miti ananyang'anywa kisu, anapelekwa palizi mpaka mgongo umsahau.

Akachuchumaa kwenye mti wa kwanza, akalitazama gome kama mchuuzi anavyotazama sura ya mnunuzi. Chini ya mkato palikuwa na utepe wa gome uliokwanguliwa, umebaki na mng'ao wa mafuta. Hapo akaelewa. Ilikuwa dawa ya kupaka, ile inayofungiwa ghalani kwa msimamizi na kutolewa kwa nadra.

Mtafiti mmoja, mwanamke mcheshi aliyewahi kuja kuchukua vipande vya gome, alimweleza dawa ile inavyofanya kazi. Mti ukijeruhiwa hujitengenezea homoni, na homoni hiyo huziamsha jeni zilizolala: hizi zivute maji, hizi zilete sukari, hizi zitengeneze utomvu wa kuziba kidonda. Dawa huleta homoni ya aina hiyo kutoka nje. "Tunaudanganya," alisema. "Tunauambia umeumia sana, nao unatoa akiba. Ukiudanganya mara moja moja, unapumzika na kurudisha. Ukiudanganya kila mara, utomvu unakuwa maji, halafu mishipa yake inajifunga. Hauna tena cha kutoa."

Mkono Pamba alipitisha kidole juu ya utepe. Katikati yake palisimama mstari mwembamba wa gome ambalo kisu hakikuligusa, ukashuka kutoka juu hadi chini. Mti wa pili, mstari uleule. Kisu chenye pengo. Alikijua. Ndicho alichojifunzia kazi yeye mwenyewe, akampa mdogo wake siku alipoajiriwa.

Mkato wa mgemaji hushuka kidogo kila anaporudi. Mdogo mtu angeuiba utomvu kwa kiasi na kuuhesabu wake, kisu chenyewe kingeshuka kikaula ule mstari, na asingejua mtu. Lakini miti ilikauka, mkato ukasimama, na mstari ukabaki pale pale.

Alimkuta mdogo wake barazani, ananoa kisu kilekile. Akaweka magome mawili aliyoyabandua kwenye ile miti juu ya jiwe la kunolea.

"Soma."

Mdogo mtu akatazama magome, akatazama kisu.

"Dada, mimi nina watoto wanne. Wewe una nani?"

"Nilikuwa na wewe."

"Basi usinilaumu peke yangu. Nilimwambia mama. Akasema nifanye, dada yako hana mdomo wa kulisha, hata akienda palizi hatakufa njaa."

Mama yuleyule Mkono Pamba alikuwa amemnyanyua, amemgeuza, amemwosha kama mtoto mchanga. Wakati yeye anakamua kitambaa, maneno hayo yalikuwa yameshasemwa, na mama alikuwa akimshukuru.

"Damu ni nzito kuliko maji, dada," mdogo mtu akaanza.

"Hata utomvu ulikuwa mzito. Mkaufanya maji. Sasa nisikilize. Ama nimpelekee msimamizi magome haya, akuulize dawa ya ghalani uliipataje, ukose kazi kabisa. Ama twende kwake sasa hivi, tumwambie tumebadilishana safu kwa hiari yetu. Zako zangu, zangu zako."

"Nitapelekwa palizi!"

"Jembe halina pengo."

Mdogo mtu akainuka kutafuta viatu. Dada mtu akaokota kisu kwenye jiwe, akakifunga kwenye kanga yake.

"Na jioni hii, nenda kwa mama. Beseni liko chini ya kitanda. Maji yawe vuguvugu, na uanze na mgongo."

"Mimi? Nimwoshe mama?"

"Kwani wewe ni wa nini?"