Kabari Iliyogongwa kwa Juu

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mwili hunisisimka hata sasa. Wewe na wenzako mmekuja na kamba zenu za rangi kulipanda jabali la Mkokoni, mkataka niwatajie waliolipanda zamani ili muwaandike kwenye simu. Haya, andika. Lakini andika nisemavyo mimi, si ulivyosikia barazani.

Wa kwanza ni Bwana Famau, fundi seremala. Alipanda peku, akigongomea kabari za mkoko kwenye nyufa na kupitisha kamba, ili akiteleza imdake. Chini kidogo ya kilele aliacha kabari moja. Ikawa ndiyo desturi: kabari yako ikionekana pale, umepanda.

Mimi nilifika pale jiwe linapotokeza nje na kukufunika kichwa. Sikuona pa kushika, nikashuka. Nikazunguka nyuma kwa njia ya mbuzi, nikalala kifudifudi kileleni, nikanyoosha mkono chini, nikaigonga kabari yangu. Vigelegele nilivyopigiwa! Mama aligawa halua mtaa mzima, nami bila haya nikala ya watu wawili.

Binamu yangu Lali akataka kuwa wa tatu. Akaniuliza, "Pale penye jiwe la kutokeza, mtu hushika wapi?"

Ningesema sijui, ningeumbuka. Nikamjibu, "Kushoto. Kuna tundu, mkono mzima huingia."

Akapanda, mimi chini nimeshika kamba. Alipofika akapeleka mkono kushoto, akapapasa, akapapasa tena.

"Tundu li wapi?" akaita.

Wallahi, nikaikaza kamba tu. Akaita mara ya pili, kwa jina langu, kisha akaanguka. Kamba ilimdaka, lakini alibamizwa jiweni, na mkono wake wa kulia niliuona umepinda mahali pasipo na kiungo. Sijawahi kushtuka vile maishani mwangu.

Tulipokwisha kumfunga mkono, Bwana Famau, aliyekuja mbio kusaidia, alizunguka nyuma, akaing'oa kabari yangu, akanitupia miguuni.

"Imegongwa kwa yuu," akasema. "Alopanda huigonga kwa tini. Niliiona zamani, nikasema ni utoto, nikanyamaa."

Kumbe alijua! Naye akakaa mchangani akalia, mtu mzima yule, na kilio chake kilinitisha kuliko kofi.

Basi andika: Bwana Famau alifika kileleni. Lali alifika kwenye jiwe la kutokeza, akaanguka kwa neno langu. Mimi nilirudi nyuma. Wa pili hayupo bado.

Mwanangu, ukiulizwa njia usiyoipita, sema hujui, hata kama watu wote wanakutazama. Na ukimjua mwongo, mwambie mapema, kabla mwingine hajamfuata. Lali hula kwa mkono wa kushoto hadi leo, nami hukaa naye sinia moja, nikimchambulia samaki miiba. Hajanilaumu hata siku moja.

Nenda, kapande. Mola akushike pale mkono wako utakapokosa pa kushika, na akurudishe kwa mamako mzima.