Majivu kwa Chini, Mayi kwa Mutu

Tuliondoka Bukavu kwa sababu ya jokofu. Kituo cha afya cha Kalehe kilikuwa kimepata betri mpya za kuendesha jokofu la chanjo, lakini zilikuwa kavu, na betri bila asidi ni mzigo tu. Vita vilikuwa vimeua biashara ya barabara ile. Asidi ilipopatikana mjini, ofisi yetu ya afya ikamtuma Maman Nsimire, mkuu wa ghala, aliyefundisha kemia kwenye lise, yaani shule ya sekondari, kabla ya vita, na mimi dereva wake. Nilikubali, ingawa niliogopa.

Asubuhi nilimkuta ameshasimamia upakiaji. Madumu mawili ya asidi yalikaa wima ndani ya mabeseni, yamefungwa kwa kamba. Kando yake alikuwa ameweka glovu, gunia la majivu na madumu mengine mawili ya maji safi.

“Maman, ziwa iko kando ya barabara mpaka Kalehe, na weye unabeba mayi?” nilimtania.

“Ziwa haiwezi kupanda mu gari, Papa Mugisho.”

Nilicheka mpaka tukautoka mji.

Mudaka tulifika soko limeshachangamka. Kwenye kizuizi cha kamba walisimama askari ambao kila siku ya soko walichota maharage katika vikapu vya akina mama, bila hata asante. Kaporali mmoja akalisogelea gari letu.

“Fungola!” aliamuru kwa Kilingala, yaani tufungue. “Mulibeba nini?”

“Mayi ya batri,” akajibu Maman Nsimire. Hakusema uongo, maana kwetu kila mtu huiita asidi hivyo.

“Mayi gani inafungwa kamba sawa mbuzi? Hii iko kanyanga!”

Kanyanga ni pombe kali, na huyu bwana alikuwa na kiu nayo. Kabla Maman hajashuka, kaporali alishakata kamba, akateremsha dumu moja, akafungua kifuniko na kunusa. Mvuke ukamkaba, dumu likamponyoka. Asidi ikamrukia mguu mzima wa kushoto na kutapakaa barabarani. Mayowe yake sitayasahau.

“Sumu! Bametuletea sumu!” wenzake wakapaza sauti, na bunduki zikatuelekea.

Mimi niliinua mikono na kuanza Salamu Maria. Maman Nsimire alivaa glovu, akabeba dumu la maji, akapita katikati ya bunduki zile.

“Kama munataka kutupiga, mutatupiga kisha. Sasa iko muguu yake.” Akaanza kummiminia. “Vua bottes! Vua patalo!”

“Mbele ya bamama?”

“Bamama banajua miguu. Vua!”

Akavua buti na suruali, maji yakiendelea kumwagika. Mama mmoja alikuja mbio na chupa ya mawese ili ampake, kama tunavyofanya sote mtu akiungua.

“Mafuta hapana!” Maman akamzuia. Kisha akapaza sauti ya mwalimu, ile inayofika dawati la nyuma: “Musikanyage hapa! Mukae kule upepo inatokea! Papa Mugisho, vaa glovu, zungushia udongo kavu, kisha majivu polepole, kuanzia kando. Majivu kwa chini, mayi kwa mutu. Musigeuze!”

Nilifanya hivyo. Majivu yalipogusa asidi, povu likachemka na kufoka, nikarudi nyuma. Lakini udongo uliizuia isishuke mferejini kuelekea mashamba ya watu.

Kisha maji yetu yakaisha. Kaporali akasema maumivu yamepungua, inatosha.

“Haitoshi,” akasema Maman. “Inaendelea kula ndani.”

Akawatazama akina mama waliotoka kisimani, madumu yao mgongoni. Walikuwa wamepanda kilima kizima nayo. Wote walimjua yule mtu, na maharage yao yaliyochotwa asubuhi ile yalikuwa bado kwenye gunia lake. Nilidhani wataondoka, na nisingewalaumu. Mmoja, mzee kidogo, akatua mzigo wake.

“Iko mutoto wa mutu,” alisema, akamimina.

Wengine wakafuata, dumu baada ya dumu, muda mrefu. Nililia waziwazi, na siyo kwa mvuke. Mwishoni Maman Nsimire akaufunika mguu kwa kitambaa safi, akamfunga kiunoni kikwembe, kitenge chake mwenyewe, wenzake wakambeba hadi zahanati.

Kalehe tulifika na dumu moja. Lilitosha betri za jokofu, na jokofu lilipoanza kunguruma wauguzi walipiga vigelegele. Maman aliandika ASIDI kwa herufi kubwa juu ya dumu. “Kuanzia leo hatutaiita tena mayi,” aliwaambia. “Neno langu ndilo liliunguza yule askari.”

Wiki iliyofuata tulirudi kwa njia ileile. Pale Mudaka kaporali alikuwa amekaa kando ya kamba, bado amevaa kikwembe, mguu umefungwa, mwenyewe mzima. Pembeni yake palikuwa na pipa limejaa maji.

“Iko ya nani?” nikamuuliza.

“Ya mutu yeyote ataungua.” Kisha akanikazia macho. “Na sigara yangu, tonton?”

Nikampa hongo yake, kama mjomba niliyeitwa. Nimejifunza kwamba moyo haugeuki wote kwa siku moja. Lakini nyuma yetu walikuwa wanakuja akina mama na vikapu vya maharage. Akajiinua kwa fimbo yake, akaishusha kamba mpaka chini, na akageuza uso asitazame vikapu mpaka mama wa mwisho alipopita.