Mwalimu Itifaki na Mada ya Milango

Wanafunzi walimwita Mwalimu Itifaki, naye hakuchukia. Alikuwa mtu wa salamu. Akienda dukani kununua chumvi, alianza na mwenye duka, akashuka kwa mke wa mwenye duka, akawapitia wateja wote waliotangulia. Chumvi ilikuja mwisho, na huko nyumbani mboga zimeshaliwa chapwa.

Ndiye aliyewanoa wasemaji wa shule kwa mashindano ya hotuba. Aliwanolea katika stoo ya madawati mabovu, na wosia wake ulikuwa uleule. "Simama wima. Tabasamu, ila meno yasitoke yote. Kisha salimu kwa vyeo, kutoka juu kushuka chini. Mada ni mkia tu. Salamu ndiyo mnyama mwenyewe."

Safari hii mshindani alikuwa mpwa wake, binti aliyemlea nyumbani kwake, mdogo wa umbo, ulimi pilipili. Alikuwa na jambo moja moyoni: vyoo vya wasichana shuleni havikuwa na milango. Mmoja akiingia, mwenzake husimama mbele akitandaza sweta kama pazia. Wengine walikuwa wameacha kunywa maji asubuhi.

"Mjomba, nitafika kweli kwenye milango?"

"Shuleni mimi ni Mwalimu."

"Haya, Mwalimu. Nitafika?"

"Haraka haraka haina baraka."

Siku ya mashindano ukumbi ulifurika wakubwa. Binti alimsalimu mgeni rasmi, mke wa mgeni rasmi, majaji, wenyeviti wa kamati, makamu wao, na makamu wastaafu waliofuata soda. Mwalimu aliitikia kila cheo kwa kichwa, roho kwatu. Binti akavuta pumzi. "Na sasa, mada yangu..."

Kengele ikalia. Muda umekwisha.

Majaji wakanong'onezana, wakampa ushindi. Hawajapata, walisema, kusikia hotuba iliyowagusa namna ile.

Mgeni rasmi akamkabidhi kikombe. "Haya, mwanangu, tupe neno la shukrani."

Binti alikitazama kikombe, akautazama ukumbi. "Vyoo vyetu vya wasichana havina milango," alisema. "Tunasitiriana kwa sweta."

Mkuu wa shule akaanza kukagua viatu vyake.

"Mwalimu wake yuko wapi?" aliuliza mgeni rasmi. "Haya ni kweli?"

Mwalimu Itifaki akasimama, vyeo vyote vimemjaa kooni. Mkuu wa shule alimkazia macho: kanusha! Mpwa wake naye alimtazama tu, machozi yakimlenga.

"Ni kweli," alisema, akaketi.

Milango ililetwa kabla muhula haujaisha, imepakwa rangi, inang'aa. Jioni ile binti alimkuta mjomba wake sebuleni, akavua viatu na kukaa chini kando yake.

"Mjomba, milango imekuja. Lakini haina makomeo."

Mjomba akashusha pumzi ndefu.

"Basi mwakani," akasema, "anza na makomeo."