Nyuma ya Mgongo wa Obura

Nyumbani kwake Kihoto, upande wa Naivasha ambako ziwa likijaa huja hadi mlangoni, Milcah Nangila, au Mama Travis kwa jina la mwanawe, hana mpinzani. Akifungua mdomo, mumewe Sitati huchukua redio yake akaenda kukaa nje. Lakini mtie Milcah huyo huyo katikati ya watu, utashangaa. Kanisani wakisimama naye anasimama, hata kama hakusikia wametangaziwa nini. Mazishini wakilia naye analia, na marehemu hamjui hata kwa sura. Tusimcheke, maana wengi wetu tuko hivyo hivyo, ni vile tu hatujashikwa.

Yeye huuza samaki wa kukaanga sokoni, bega kwa bega na Khadijo, mpishi wa chai na chapati, ambaye wote humwita Mama Najwa. Kwa miaka wameazimana makaa, chumvi, hata kulindiana watoto. Basi juma moja vibanda vya upande wa juu vikashika moto usiku, na cha Obura, mwenyekiti wa soko, kikawa cha kwanza kuwa majivu. Kulipokucha soko zima lilikuwa limeshaamua kwamba ni jiko la Khadijo. Nani aliliona? Hakuna. Nani alisema? Kila mtu. Obura akaitisha mkutano wa kuamua kama atolewe sokoni.

Milcah alijua si kweli. Jioni ile walifunga kazi pamoja, na kwa macho yake alimwona Khadijo akimwagia makaa maji ya kuoshea vikombe mpaka yakanyamaza kabisa. Akamwapia: "Mama Najwa, hiyo mkutano mimi nitaongea. Hawakutoi hapa nikiwa hai." Wenzake kadhaa, akiwemo Waithera muuza mboga, walikuja nyumbani kwa Milcah, wakanywa chai, wakasema wako pamoja naye.

Siku ya mkutano ikafika. Obura hakutaka maneno. Macho yake yalikuwa mekundu na sauti imemkauka.

"Tusipoteze wakati," akasema. "Hakuna kura ya karatasi hapa. Ni mlolongo. Mwenye anataka huyu mama atoke kwa soko, apange nyuma yangu. Mwenye anataka abaki, apange nyuma yake."

Khadijo akasimama peke yake karibu na bomba la maji, mikono ameificha ndani ya mtandio.

Sema, Milcah akajiambia. Waambie habari ya maji na makaa, sasa hivi. Akamtazama Waithera, na Waithera akatazama viatu vyake. Wauza nyama wakaenda nyuma ya Obura. Wauza mitumba wakawafuata. Kila aliyeondoka aliacha pengo, hadi Milcah akajiona amebaki wazi kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Mwanamume mmoja akapaza sauti kutoka mlolongoni: "Mama Travis, na wewe uko wapi? Ama pia wewe ulikuwa kwa hiyo moto?"

Watu wakaangua kicheko, na miguu ya Milcah ikaenda. Yeye hakuituma. Alipozinduka alikuwa na mgongo wa mtu mbele yake, kwenye mstari wa Obura. Aibu ilikuja, ndiyo, lakini ilitanguliwa na kitu kibaya kuliko aibu. Alihisi nafuu.

Kisha akasikia pumzi shingoni. Ni Waithera.

"Mimi nilikuwa nangoja wewe uende kwake," Waithera akanong'ona. "Nikaona umekuja huku, nikasema basi. Na hawa wako nyuma yangu, wote walikuwa wanakuangalia wewe."

Milcah akageuka. Akawaona wale wale waliokunywa chai yake wakiahidi, wamejipanga. Angeweza kutoka, ni hatua chache tu za vumbi. Akangoja mmoja wao atoke kwanza, nao wakamngoja yeye, na Obura akapita akihesabu, akiwagusa mabega mmoja baada ya mwingine. Nyuma ya Khadijo hapakuwa na wa kuhesabiwa.

Kibanda kikaanza kubomolewa mchana ule ule. Watu walisimama kando wakitazama, hakuna wa kusaidia wala wa kuzuia. Khadijo akawa anahangaika na sufuria kubwa ya chai, ile inayohitaji watu wawili. Milcah akashindwa kuvumilia. Akachomoka kwenye kundi, akavuka uwanja machozi yakimtiririka, akashika sufuria kwa upande wa pili.

Khadijo hakumfokea. Alisema polepole, kama mtu anayemhurumia mwenzake: "Wacha tu, Mama Travis. Watu wanakuangalia."

Na Milcah, mkono ungali kwenye sufuria, akageuka kuangalia kama ni kweli.