Shikamoo za Mgombea

Tangu kampeni zianze, mgombea udiwani wa Mlingotini anamwamkia kila kiumbe. Huvua makubadhi mlangoni, hupiga hodi mara tatu, hukushika mkono kwa mikono yake miwili iliyokauka kwa chaki za madrasa, kisha huinamisha kichwa: “Shikamoo.” Wazee huitikia. Mabinti hucheka na kuficha nyuso kwenye kanga.

Biubwa, aliyesomeshwa na mtu huyu tangu alifu, alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi alipomfikia. “Shikamoo, mama.”

“Maalim! Niitikie, nipate laana? Fimbo zako bado nazikumbuka.”

Mgombea akatazama chini, kama mwanafunzi aliyesahau sura mbele ya wenzake. Biubwa akamwonea huruma. Akajifuta mikono, akainuka. “Shikamoo, maalim.”

“Marahaba,” akaitikia kwa sauti yake ile nzito ya zamani, mabega yakamnyooka. “Na hiyo nazi usiikune mpaka kwenye kifuu, tui litakuwa jeusi.”

Akavaa makubadhi, akaondoka. Alikuwa keshapiga hodi nyumba ya pili ndipo Biubwa alipogundua kuwa maalim hakumwomba kura, na kwamba yeye keshampa.