Bakuli la Harrow

Telesphor Rwegasira alikuwa mkurugenzi wa michezo wa chuo kimoja cha Thornton Heath. Cheo hicho kilikuja na funguo za stoo ya mipira na haki ya kulaumiwa. Kila Jumatano alasiri wasichana wake walicheza netiboli katika ligi ndogo ya vyuo vya London, ligi ambayo haikuwahi kuandikwa gazetini, wala haikustahili.

Desturi ya ligi ilikuwa mwenyeji kumlisha mgeni baada ya mechi. Vyuo vingine vilitoa sandwichi za jibini na kuuita huo ukarimu. Telesphor alitoa maandazi ya mkewe Restuta, muuguzi, aliyeyakaanga kabla ya kwenda zamu. Aliyeyapenda kuliko wote ni Indu, mkuu wa michezo wa chuo kimoja cha Harrow, mzaliwa wa Mwanza. Zamu yake ya kukaribisha ikifika alitoa kachori. Walibishana kipi bora kwa miaka mingi, mabao waliyasahau.

Kisha vyuo vikaanza kuhama, kila kimoja kikitafuta ligi yenye hadhi, na kila kimoja kikidai ni kwa faida ya wanafunzi, ambao hakuna aliyewauliza. Ligi ndogo ikabaki na vyuo vinne, na kanuni ilisema vikipungua hapo ivunjwe. Thornton Heath ikapata mwaliko wa ligi kubwa. Harrow haikupata.

"Bwana Tele," Indu alisema kwenye simu, "ligi ya Watford watatupokea tukiomba kabla ya Jumatano saa sita mchana. Lakini nikiomba, muuaji wa ligi ni mimi. Sikwambii ubaki. Kama mnaondoka, niambie wewe mwenyewe, mapema. Wasichana wangu wakikosa ligi, idara inafungwa."

"Nitakwambia mimi, dada."

Jumatatu mkuu wa chuo, Evans, alimwita: bodi imeamua wahame, tangazo Jumatano jioni. Telesphor akasema safari za ligi kubwa, mbali hadi Leeds, zitawachosha watoto. Evans akajibu kwamba uchovu hujenga tabia. Yeye hakuwa miongoni mwa wasafiri.

Jumatano hiyo Harrow ndio waliokuwa wageni. Indu alishuka kwenye basi na bakuli la kachori, ingawa zamu haikuwa yake.

"Habari za hapa?"

"Nzuri, dada."

"Na za ligi?"

"Nzuri. Chezeni kwanza, mle."

Nyumbani kwao Muleba, Telesphor alilelewa hivi: habari mbaya haitumwi kwa simu, na mgeni haambiwi akiwa na njaa. Ukimwambia kabla hatakula, na aibu ni ya mwenye nyumba. Saa sita ya Watford aliikumbuka vizuri. Aliamini tu kwamba Watford nao ni watu, wataelewa wakiombwa jioni.

Harrow walishinda. Wakaketi kula.

"Leo iliki imezidi kama ya msibani," Indu alisema mdomo umejaa. "Mnamzika nani?"

"Kula, dada."

Indu alikuwa kwenye andazi la pili simu za wasichana zilipoanza kulia. Tangazo la Thornton Heath limetoka kabla ya wakati, mara ya kwanza chuo hicho kuwahi jambo lolote. Nahodha wa Harrow, Anjali, akamsogezea mwalimu wake simu. Indu akasoma, akalirudisha andazi kwenye sahani.

"Ulijua?"

"Tangu Jumatatu. Nilingoja ule."

"Jumatatu Watford walikuwa wazi, Tele."

"Tutawaomba. Nitazungumza nao mimi mwenyewe."

"Kwa Kiswahili?" Akasimama. "Wasichana, mshukuruni Bwana Rwegasira kwa chakula."

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita kwa jina la ukoo.

Watford walijibu kwa adabu kubwa kwamba saa sita ilikuwa saa sita. Idara ya Harrow ilifungwa kabla ya Pasaka. Kwenye ligi kubwa wageni hawalishwi. Mechi ikiisha wanapanda basi.

Bakuli lilisahauliwa mezani. Restuta ameliosha, liko kabatini. Kila akifungua kabati humkumbusha mumewe kwamba bakuli la watu halirudi tupu. Telesphor anakubali. Hajajua tu aweke nini.