Cheti Kipya na Simu ya Shangazi

Fundi friji yule hataki kabisa mambo ya ukoo wake yakae kwenye kompyuta ya mtu asiyemjua. Tovuti ya familia anaitunza mwenyewe, kwenye kompyuta chakavu, ndiyo seva yake, iliyo chini ya meza ya kupigia pasi, na ole wako umwambie kuna njia rahisi zaidi.

Siku hiyo saa nne asubuhi mdogo wake wa mwisho alikuwa anaapishwa kuwa muuguzi. Shangazi, aliyewalea wote wawili tangu walipofiwa na wazazi, alikuwa mji mwingine, kitandani, mguu umevunjika. Fundi alimwahidi kuwa ataona kila kitu kwenye simu. Mkewe akaenda ukumbini kurusha picha moja kwa moja kwenye tovuti hiyo. Yeye akabaki kulinda mtambo. Na kwa kiherehere chake, alfajiri akaweka cheti kipya cha usalama cha tovuti, ingawa cha zamani kilikuwa na siku tisa bado.

Saa tatu na robo shangazi akampigia kwa simu ya vitufe ya jirani.

"Simu yangu inasema muunganisho si salama. Ndiyo umenifungia mlango?"

Fundi akajaribu kwenye simu yake, ikafunguka. Kwa mkewe, ikafunguka. Akakagua cheti, akazima seva, akaiwasha tena, jasho linamtoka. Kwa shangazi, patupu.

"Hebu nisomee yote iliyoandika, Shangazi."

"Mengine matusi tu. Eti saa yangu iko nyuma."

"Kwani inasema saa ngapi?"

"Tatu na nusu."

Fundi akatazama saa ya ukutani. Mshale mfupi umeipita tisa, naye akasoma tatu na nusu, kama watu wote. Sasa hiyo simu inalalamika nini? Mara akaanza kucheka peke yake.

"Kwenye kioo kuna tarakimu gani? Tatu au tisa?"

"Tatu. Nilimwamuru fundi wa simu airekebishe. Nimechoka na simu inayoandika tisa wakati ni saa tatu."

Haya basi. Kwa hesabu ya simu ile, tatu ni saa tisa za usiku, kwa hiyo bado ulikuwa usiku wa manane, na cheti cha alfajiri kilikuwa hakijaanza kazi. Angeweza kumwambia shangazi airudishe saa, lakini anamjua, wangebishana mpaka kiapo kiishe. Akakirudisha cheti cha zamani, akaiwasha seva upya.

"Imefunguka," shangazi akasema. "Mbona amekonda?"

Fundi akashusha pumzi. Ilipofika saa nne, ukumbini wakaanza kuita wahitimu mmoja mmoja, jina la muuguzi, kisha jina la mzazi. Zamu ya mdogo wake ilipofika, jina la mzazi lililosomwa lilikuwa la shangazi.

Shangazi akarudi kwenye simu ya jirani.

"Nimesikia sawasawa?"

"Umesikia sawasawa, Mama," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo.

"Basi nyamaza," akajibu. "Nataka kumtazama mwanangu."